Vipimo vya Mwalimu

Kila asubuhi, kabla mashine ya kwanza haijaanza kulia, Mama Pindo alifuta meza ya kukatia. Alikusanya pini zilizoanguka, akazirudisha kwenye kopo, akatikisa pasi kusikia kama ina maji. Kisha alivuta pazia la pembeni kuona kama pete zake zinateleza. Nyuma ya pazia hilo ndipo alipopimia watu, na hakupenda likwame katikati.

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau. Walimwita Mama Pindo kwa sababu gauni aliloshona lingechakaa, lingepauka, lingerithiwa na mtoto wa pili na wa tatu, pindo likiwa palepale. Mumewe alipiga pasi na kutia vifungo. Mdogo wake wa kike alipokea simu na kuandika oda kwenye kompyuta. Mafundi wengine wawili walishona karibu na dirisha, wakibishana kuhusu mpira kutwa nzima bila miguu yao kuacha kukanyaga mashine.

Lakini kilichowaleta wateja hasa si pindo. Mama Pindo alijua kuushonea mwili ambao mafundi wengine waliucheka. Mwenye bega lililoshuka alitoka kwake mabega yamelingana. Mwenye kitambi alitoka akijitazama kwenye kioo mara mbili. Alipima mwenyewe nyuma ya pazia, akataja namba, na mdogo wake upande wa pili akaziandika. Mteja akishaondoka, alimalizia yale yasiyosemwa mbele ya mwenyewe. Huyu bega la kulia liko chini, mtilie pamba. Yule ana kovu shingoni, kola ipande. Hayo nayo yaliandikwa, maana bila hayo nguo isingekaa.

Kompyuta ilikuwa na neno la siri, tena moja kwa watu wote. Waliliandika kwa chaki ubavuni mwa meza ya kukatia, kwa herufi kubwa, ili fundi akitaka vipimo asimsumbue mwenzake. Nguo za watu zilipolifuta kwa kupitapita, mtu aliliandika upya. Mumewe Mama Pindo alitania kwamba hiyo ndiyo siri pekee duniani inayosomwa na wateja wakiwa wanasubiri chenji. Wote walicheka, naye Mama Pindo akicheka zaidi yao.

Kati ya wateja wake wa siku nyingi alikuwapo mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Watu walimwita Mwalimu tu. Alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi, na alipenda magauni ya rangi moja. Wakati fulani alipotea kwa miezi kadhaa. Aliporudi dukani, aliomba mlango ufungwe kwanza. Alikuwa ameugua saratani, na madaktari walikuwa wamemwondoa titi la kushoto. Hata watoto wake alikuwa amewaambia ni uvimbe mdogo tu.

Mama Pindo hakumwaga pole nyingi. Alipima, akafikiri, kisha akashona ndani ya bitana kifuko kidogo chenye sponji laini. Gauni lilipovaliwa, mtu asingejua lolote hata kama angemkumbatia. Mwalimu alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Na hili litabaki wapi?" aliuliza.

"Kwangu, Mwalimu. Halitoki hapa."

Alimaanisha alichosema. Lakini jioni ile alimweleza mdogo wake ukubwa wa kifuko na sababu yake, na mdogo wake akaandika yote kwenye kompyuta. Juu jina na namba ya simu, chini ugonjwa. Hakuna aliyeona kosa. Ndivyo walivyofanya kazi siku zote.

Katika chumba cha tatu kutoka kwao palikuwa na ofisi ya wakala wa bima. Mzee huyo alitembea na mwavuli hata jua likiwaka, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Bwana Mwavuli. Mafundi walisema mvua haithubutu kunyesha bila kumwomba ruhusa. Yeye ndiye aliyemkatia Mama Pindo bima ya moto. Hiyo haikuwa na ubishi, maana pasi na vitambaa vilikaa karibu mno mle ndani.

Siku moja Bwana Mwavuli alikuja kupunguziwa suruali. Akiwa anangoja, macho yake yakatua kwenye ile chaki ubavuni mwa meza.

"Mama Pindo, hilo ndilo neno la siri la kompyuta?"

"Ndilo. Inama kidogo utalisoma vizuri."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akavuta kigoda na kuwaeleza kwamba siku hizi ipo bima ya mtandao. Mwizi wa mtandao haji na nondo, alisema. Huingia kwenye kompyuta akiwa mbali, akafunga kazi zako zote, au akanakili habari za wateja na kutishia kuzitangaza. Mwenye bima hupata wataalamu wa kumsaidia siku hiyo hiyo, hulipwa kwa siku alizofunga duka, na wateja wakimshitaki hapigani peke yake. Mama Pindo alisikiliza kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa kwenye mashine ya dirishani iliyokuwa ikikata nyuzi.

"Bwana Mwavuli, mimi nashona nguo," alisema, pini mdomoni. "Sina benki hapa. Mwizi gani atahangaika na viuno vya watu?"

"Si lazima avitake yeye. Inatosha kwamba wewe huwezi kufanya kazi bila hivyo. Na wenye viuno hawataki vianikwe."

"Haya, nitaangalia mwezi ujao."

Mwezi ujao ulikuja, ukapita, ukaja mwingine. Kila mara palikuwa na jambo la haraka zaidi. Mara mashine ya kudarizi, mara vitambaa vipya. Bwana Mwavuli alipopita mlangoni, Mama Pindo alijifanya anahesabu vifungo.

Wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, kazi ilipamba moto. Sare zilijaa hadi juu ya viti. Asubuhi moja ukaja ujumbe kwenye barua pepe ya duka. Mtu alisema ana sherehe, anataka mshono kama huu, na picha ameiambatanisha. Wateja wao wote walituma mishono namna hiyo. Mdogo wake Mama Pindo alifungua tisa au kumi kwa siku, na hakuwahi kujiuliza. Alifungua na huu. Hapakuwa na picha. Kioo cha kompyuta kilipepesa kidogo, kikatulia, naye akaendelea na simu iliyokuwa ikilia.

Kesho yake faili zote zilikuwa zimefungwa. Hakuna jina lililofunguka, hakuna kipimo, hakuna oda. Katikati ya kioo palikuwa na maneno machache, kwa Kiswahili kibovu, yakidai fedha. Yasipofuata malipo, habari za wateja zingetangazwa. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mdogo mtu alianza kulia, akisema, "Dada, ni mimi. Mimi ndiye niliyefungua." Mama Pindo alimwambia anyamaze, si yeye. Akakumbuka chaki, na onyo la Bwana Mwavuli.

Alikwenda mwenyewe hadi chumba cha tatu, na kanda ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Ile bima," alisema. "Naweza kuikata leo?"

Bwana Mwavuli alimtazama, akaelewa kabla hajaambiwa. Akamvutia kiti.

"Unaweza kuikata leo, Mama. Lakini itakulinda kwa ya kesho. Ya jana haimo."

Hakumcheka wala hakumkumbusha kigoda cha siku ile. Hilo lilimuuma Mama Pindo kuliko kama angesemwa. Mzee alimshauri achomoe kompyuta kwenye mtandao, asiizime, apige ripoti polisi. Akampa simu ya fundi wa kompyuta anayemwamini. Kuhusu kulipa, alisema mwizi hana risiti. Ukimlipa anaweza kufungua, anaweza asifungue, na zile nakala alizochukua hakuna wa kumwona akizifuta. Kisha akasema neno moja zaidi, na hilo ndilo Mama Pindo alilolikumbuka baadaye kila alipokuwa peke yake.

"Wapigie wateja wako leo. Kabla hawajasikia kwa mwingine."

"Nitawapigia," alijibu.

Hakuwapigia. Alirudi dukani, akaona sare zilizorundikana, akajiambia acha kwanza tumalize hizi. Kwa kweli aliona haya. Alijua wateja wakisikia watamkimbia, na duka ndilo lililokuwa likisomesha watoto wake. Aliwaambia mafundi wasiseme kitu. Walipima upya kwa kubahatisha, wakashona, wakakosea, wakafumua. Mumewe alimshauri usiku na mchana awaambie watu. Yeye alijikaza kisabuni, akasema labda wezi wametisha tu.

Hawakuwa wametisha tu. Walipoona kimya, walianza kuwaandikia wateja mmoja mmoja kwa namba walizozikuta kwenye kompyuta. Aliyekataa kulipa, habari zake zilisambazwa. Mwanamume mwenye pamba begani alichekwa kazini. Kisha maelezo ya Mwalimu, yote kama yalivyoandikwa jioni ile, yakatua kwenye kundi la simu la wazazi wa shule yake. Jina juu, ugonjwa chini.

Mwalimu alikuja asubuhi. Safari hii hakuomba mlango ufungwe. Mafundi waliinamisha vichwa juu ya mashine zisizokuwa na kitambaa.

"Ulisema halitoki hapa."

"Nilisema, Mwalimu."

"Wezi wamekuibia, nimesikia. Hilo silaumu sana. Mtu yeyote huibiwa." "Lakini nimeambiwa ulijua toka wiki iliyopita. Ungenipigia siku ile ile, ningewaita wanangu nikawaambia mwenyewe. Wamesoma kwenye simu. Binti yangu aliniuliza kwa nini nilimficha."

Mama Pindo alisema nisamehe. Neno lilitoka likiwa dogo sana. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji pungufu na hana nguvu za kugombana. Akaomba kitambaa chake cha bluu, kile alichokileta kwa gauni jipya. Kilikuwa rafuni, hakijakatwa. Mama Pindo alikikunja, akakifunga kwenye karatasi, akampa. Mikono yake haikuwahi kukunja kitambaa kwa uzito namna ile.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kukaza mkanda. Fundi wa kompyuta aliokoa kidogo sana, na ujira wake ulitoka mfukoni mwao. Siku ambazo duka halikushona hazikulipwa na yeyote. Mteja mmoja alikwenda kwa wakili, na Mama Pindo naye akalazimika kutafuta wake. Fundi mmoja wa dirishani aliaga akatafute riziki kwingine. Mwenzake akabaki akibishana kuhusu mpira na ukuta.

Siku moja Mama Pindo alimwona Mwalimu ng'ambo ya barabara. Alikuwa amevaa gauni la bluu. Kitambaa alikitambua mara moja. Fundi mwingine alikuwa amelishona, na upande wa kushoto ulikuwa umebonyea, mkunjo umeshuka toka begani hadi kiunoni. Mtaa wote ulijua, lakini Mwalimu hakuwa amemweleza fundi yule. Hakutaka tena kanda ya mtu kifuani kwake. Mama Pindo alisimama kwenye kivuli cha duka la viatu hadi alipopita. Alijutia chaki, alijutia kompyuta, lakini zaidi alijutia simu ambayo hakuipiga.

Jioni hiyo alimwita Bwana Mwavuli. Alimpa chai, akamwambia aeleze tena toka mwanzo, na safari hii hana pini mdomoni. Mumewe na mdogo wake walikaa karibu.

Mzee alianza kwa maswali ya kampuni ya bima. Mna nakala za faili zenu mahali pengine? Hapana. Kila mtu ana neno lake la siri? Hapana. Mmefundishana kutambua ujumbe wa wizi? Hapana.

"Basi tunyamaze tu," alisema mume. "Hata mimi nisingetukatia bima."

Bwana Mwavuli alicheka. Akasema maswali hayo ndiyo nusu ya faida, kwa kuwa yanakuonyesha mlango ulio wazi. Ila msijibu uongo mkidhani mnamfurahisha mtu. Ukisema una nakala na huna, siku ya kudai kampuni inaweza kukataa kukulipa. Tena bima hazifanani. Nyingine hulipa siku za kufunga duka, nyingine hazilipi. Nyingine zina kiasi ambacho wewe mwenyewe unabeba kwanza. Someni yaliyomo, akasema, na zaidi someni yasiyokuwamo.

"Kwa hiyo ningekuwa nayo, siri ya Mwalimu isingetoka?" aliuliza Mama Pindo.

Mzee aliweka kikombe chini. Hakutaka kumdanganya.

"Huenda ingetoka. Bima si kufuli. Lakini siku ile ile ungekuwa na namba ya kupiga. Mtu angepokea, anayejua kazi hiyo, akakwambia la kufanya kwanza. Angekusaidia hata maneno ya kuwaambia wateja. Wewe ulikuwa peke yako, Mama, na mtu akiwa peke yake huogopa."

Mama Pindo alifuta macho kwa ncha ya kanda ya kupimia. Aliona mzee amemsema na kumtetea kwa mpigo mmoja.

Walibadilika polepole. Alifuta ile chaki kwa kitambaa kibichi, mwenyewe, na hakuna aliyeiandika tena. Kila mmoja alipata neno lake la siri, lisilofanana na la mwenzake. Fundi wa dirishani alilalamika kwamba yeye hata siku ya kuzaliwa mkewe haikumbuki, lakini akajifunza. Kila jioni mdogo mtu alitoa nakala ya faili kwenye kidude kidogo cha kuhifadhia, akakichomoa, wakaenda nacho nyumbani. Ujumbe wa mshono kutoka kwa mtu wasiyemjua haukufunguliwa kabla ya kumpigia simu. Na yale yasiyosemwa mbele ya mteja hayakuandikwa tena kwenye kompyuta. Kama nguo inahitaji kifuko, waliandika ukubwa wa kifuko tu, bila sababu. Baada ya hapo ndipo walipokata bima ya mtandao. Ada yake ilikuwa ndogo kuliko walivyodhani, na hilo nalo lilimwongezea Mama Pindo majuto.

Wezi walirudi mwaka uliofuata. Safari hii walipitia kompyuta ya muuza vifungo, aliyekuwa akiwatumia ankara kila mara. Mdogo mtu alifungua ankara bila wasiwasi, kwa kuwa jina alilijua. Faili zikafungwa, na maneno yale yale ya kudai fedha yakatokea.

Mdogo mtu hakulia. Alichomoa waya wa mtandao, akapiga ile namba ya bima iliyobandikwa juu ya mashine ya kudarizi. Mtaalamu alipokea, akamwongoza hatua kwa hatua, na mchana alikuwa amefika dukani. Nakala ya jana yake ilikuwa nyumbani, kabatini, chini ya mashuka. Duka lilifungwa siku chache likafunguliwa, na kampuni ikalipa sehemu kubwa ya hasara ya siku hizo pamoja na ujira wa mtaalamu. Hakuna fundi aliyeaga.

Lakini asubuhi ile ile, mtaalamu akiwa bado njiani, Mama Pindo alivuta kigoda nyuma ya pazia akaanza kuwapigia wateja. Mmoja baada ya mwingine. Alisema tumeingiliwa, namba yako ya simu na vipimo vyako huenda vimechukuliwa, ukiandikiwa na mtu usilipe, niambie mimi na polisi. Wengine walikasirika. Wengi walisema asante. Mwanamume wa pamba begani alisema safari hii atawacheka yeye kwanza.

Alipomaliza majina yote, alibaki na simu mkononi. Namba ya Mwalimu haikuwamo tena kwenye kompyuta. Alikuwa ameifuta yeye mwenyewe, pamoja na vipimo na maelezo, tangu mwaka uliopita. Hapakuwa na sababu ya kumpigia. Namba aliijua kwa kichwa. Akapiga moyo konde, akapiga.

"Mwalimu, ni mimi, wa duka la nguo. Wameingia tena leo asubuhi. Wewe humo. Nilikufuta. Lakini nimeona nikwambie mwenyewe."

Upande wa pili, kwa mbali, zilisikika sauti za watoto wakitoka darasani.

"Mara hii umewahi," alisema Mwalimu.

Alisema taratibu, bila hasira. Kisha akakata simu, maana kengele ya shule ilikuwa imelia. Mama Pindo alikaa kidogo nyuma ya pazia, akavaa kanda yake shingoni, akatoka kumpima mteja aliyekuwa akingoja.